Shimizi ya Bi Mdogo

Pale kituo cha mpakani, waliopanga foleni walikuwa mizigo, si watu. Watu walikaa kwenye kivuli cha ukuta wakipiga soga na kuwateta wasiokuwepo, huku vikapu, magunia na mabegi yao yakisimama juani kimyakimya, kwa tabia njema ambayo wenyewe wangeshindwa nayo. Meza ya ukaguzi ikiita, mzigo wa mbele ulipandishwa, na wa nyuma yake ukasukumwa kwa mguu. Mwenyewe kama kasinzia au kaenda msalani, aliyemfuata aliunyanyua akamwekea mezani, kwa sababu jua halina subira na wenye kupanga foleni ndio kabisa.

Kulikuwa na utaratibu wa pili, na huo ndio ulioleta balaa. Mtu akiwa na mgonjwa au msiba ng'ambo, alifunga kitambaa cheupe kwenye mpini wa mzigo wake. Mzigo wenye kitambaa haukukaa nyuma ya mwingine. Ulipitishwa mkono kwa mkono kutoka mkiani mpaka mbele, ukakaguliwa, ukawekwa kwenye nguzo ya geti. Mwenyewe alipita upande wa wasio na kitu, akaenda kuungoja hapo kwenye nguzo. Kumuuliza ana mgonjwa gani ilikuwa kukosa adabu. Maafisa hawakuwa na habari na mambo hayo. Wao waliona mzigo ukifika mezani, hawakuuliza umefikaje.

Bi Mkubwa alikuwa akivuka kila siku ya soko kwenda kuuza mito ya sufi. Alikuwa mwembamba kiasi kwamba, alipobeba mzigo wake kichwani, ungedhani mito inajiendea yenyewe. Katika foleni hiyohiyo alikuwamo muuza mifagio, mwanamke mrefu mwenye kifua kipana na sauti ya kuitia kivuko. Huyo ndiye Bi Mdogo. Foleni nzima iliwaita hivyo kwa sababu waliwahi kuolewa na mume mmoja, fundi wa kuezeka paa, mtu mpole aliyepanda juu ya mapaa ya watu kila siku, na wenye ndimi kali walisema alipanda huko kutafuta utulivu.

Marehemu aliacha wajane wawili na kabati moja. Kabati halikatiki. Bi Mkubwa alilichukua kwa haki ya kuwa wa kwanza, Bi Mdogo akalidai kwa haki ya kuwa ndiye aliyelifuta vumbi, na tangu matanga yalipoanuliwa hawakusemeshana tena. Wakikutana foleni, walizungumza kupitia aliyekaa katikati. "Mwambie huyo mwenzangu anikanyagie polepole," angesema mmoja. "Mwambie huyo miguu yake aikunje kama watu," angejibu mwingine. Mara nyingi aliyekaa katikati alikuwa muuza karanga, mtu mwenye maneno mengi kuliko karanga zake, na aliifanya kazi hiyo kwa furaha, akiongeza chumvi kidogo kila alipovusha ujumbe.

Wiki ile haikuwa nzuri kuonekana mpakani na kitu chochote cheupe. Gazeti lilikuwa limeandika kwamba dawa za kulevya zinapita pale kama maji kwenye chujio. Mkurugenzi akaja kutoka makao makuu, akapiga meza ya mkuu wa kituo mpaka chai ikamwagika, akasema anataka mtu akamatwe. Mtu gani, hakusema. Akaingia garini akaondoka, na mkuu wa kituo akabaki anafuta chai na kuwapigia meza walio chini yake, nao wakatoka kwenda kutafuta wa kumpigia wao.

Siku hiyo Bi Mkubwa aliwahi, mzigo wake ukawa karibu kabisa na meza. Bi Mdogo alichelewa, akawa mkiani, jambo ambalo Bi Mkubwa aliliona na likamfurahisha asubuhi yote. Alikuwa amesimama kusogeza mito yake pale muuza karanga alipomgusa bega na kumpa begi jeusi lenye kitambaa cheupe mpinini. Akalipokea bila kulitazama mara mbili. Lilikuwa zito, akamwambia muuza karanga kwamba mgonjwa huyu, yeyote yule, hamu ya kula haijampotea. Akaliweka mbele ya mzigo wake. Meza ilipoita, akalinyanyua kwa mikono yote miwili na kulipandisha, kama alivyokwisha kuipandisha mizigo ya wagonjwa wa watu mara nyingi tu.

Kituo kilikuwa na mbwa jike wa rangi ya chai ya maziwa. Hakufundishwa kubweka. Akinusa anachokitafuta, alikaa chini kwa utulivu kama mgeni aliyekaribishwa kiti. Akalizunguka lile begi mara moja, akamtazama Bi Mkubwa kwa macho ya huruma, akakaa.

Afisa aliyekuwa zamu mezani alikuwa kijana mmoja makini ambaye foleni ilimwita Miwani. Alifungua begi akatoa mashuka, taulo, chupa ya chai na kandambili, vitu vyote vya kumpelekea mgonjwa. Chini yake akatoa vifurushi vilivyozungushiwa utepe wa gundi. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hili begi la nani?"

"Si langu," akasema Bi Mkubwa.

"Umelipandisha wewe."

"Nimelipandisha, lakini si langu, mwanangu."

"Mama, kila niliyemkuta na begi ameniambia si lake," akasema Miwani kwa masikitiko ya kweli. "Sijui wenye mabegi wa dunia hii wanaishi wapi."

Wakampeleka ofisini kwa mkuu wa kituo. Kilikuwa chumba chenye feni ya darini iliyozunguka kwa kulalamika, meza yenye kioo juu na duara la chai lisilofutika vizuri, na viti viwili vya plastiki, kimoja mguu wake umefungwa waya. Askari wa kike aliyeambiwa amlinde alimpa kile kizima, na yeye mwenyewe akakalia kile cha waya kwa kujibana. Bi Mkubwa aliliona hilo. Alikuwa katika hali ya mtu anayeona kila kitu kidogo, kwa sababu kile kikubwa hakitazamiki.

Mkuu wa kituo alikuwa mtu wa tumbo la heshima na usingizi haba. Aliyemtangulia kwenye kiti kile alihamishiwa mahali ambapo hata redio haishiki, kwa sababu ya begi moja tu lililopita. Alipoviona vifurushi mezani, uso ulimchanua kama mtu aliyepewa habari za kupona. Hata hakumuuliza Bi Mkubwa neno. Akanyanyua simu, akasimama wima kana kwamba mkurugenzi anamwona, akasema, "Mkubwa, tumempata kinara."

Bi Mkubwa akageuka nyuma kuangalia ni nani aliyeingia.

Mito nayo ikaletwa. Ikisemwa kwamba kinara anauza mito, ni nani angeiacha bila kuipasua? Wakaichana yote pale uani, chini ya dirisha, na sufi ikapaa. Ikajaa hewani, ikaingia ofisini, ikatua kwenye mabega ya sare, ikamkalia mkuu wa kituo kwenye masharubu mpaka akawa babu wa mtu. Mbwa alipiga chafya mfululizo na akatolewa nje kwa likizo ya ugonjwa. Ndani ya mito hakukuwa na kitu isipokuwa sufi, na kazi ya mikono ya mwanamke ya wiki nzima.

Hapo ndipo mkuu alipomweleza, kwa upole wa mtu ambaye shida yake imekwisha, kwamba gari linakuja kutoka mjini kumchukua, na ndani yake yumo mpiga picha wa gazeti. Atasimamishwa nyuma ya meza, vifurushi mbele yake, apigwe picha. Mengine atayasema mahakamani.

Bi Mkubwa aliwaza picha ile. Aliwaona binti zake wakilifungua gazeti. Akamwona mkwewe, ambaye mpaka leo humsalimia kwa kuinama, akiinama safari hii kutafuta pa kuuficha uso. Mtu anaweza kuachiwa baadaye, lakini picha haiachiwi. Na kama asipoachiwa, kwa umri wake kifungo chochote kilikuwa cha maisha. Akajikaza kisabuni, akaeleza: kuna kitambaa, kuna utaratibu, begi limetoka nyuma, amepewa na muuza karanga. Muuza karanga kapewa na nani, hajui, kisogoni hakuumbwa na macho.

Miwani akasema si vibaya kuuliza. Mkuu akasema haraka ya nini, lakini Miwani alikwisha kutoka.

Kupitia dirishani Bi Mkubwa alimsikia akiuliza foleni: nani kati yenu alilishika begi jeusi lenye kitambaa? Soga zote zikakatika. Kivuli kizima kikawa kinatazama vidole vyake vya miguu. Muuza karanga, ambaye hakuwahi kuulizwa jambo akakosa jibu, alisema yeye leo macho yanamuuma na hakuona chochote. Fundi baiskeli alisema alikuwa amesinzia. Mama wa mabeseni ya plastiki, mja mzito wa kuhesabiwa siku, alilishika tumbo tu. Miwani akarudi na mikono mitupu na sufi kwenye nywele.

Bi Mkubwa hakuwalaumu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Nani anyooshe mkono kusema nimelishika begi la unga, wakati aliyelishika mwisho amekwisha kuitwa kinara? Hata yeye angetazama vidole vyake. Alijifahamu. Akashika tama, akaanza kupanga moyoni binti yupi atachukua kuku na yupi atachukua kabati.

"Hodi," ile sauti ya kuitia kivuko ikasema mlangoni.

Bi Mdogo hakungoja kukaribishwa. Aliingia na mifagio yake mgongoni, na kwa sababu dari ilikuwa chini na yeye mrefu, vichwa vya mifagio vikaingia kwenye feni, feni ikagugumia na kusimama. Njiti za mifagio zikawanyeshea wote. Bi Mkubwa alipomwona, moyo ukamshuka mpaka kwenye kandambili. Amekuja kunitazama, akawaza. Amekuja kunishuhudia, kisha jioni hiihii atakuja na mkokoteni kulichukua kabati.

Bi Mdogo hakumtazama kabisa. Alimkabili mkuu wa kituo.

"Mkubwa, kwanza mwambie huyo mwanamke kwamba sikuja kwa ajili yake."

Mkuu, kwa kuchanganyikiwa, akamgeukia Bi Mkubwa na kumwambia, "Anasema hakuja kwa ajili yako."

"Nimesikia," akasema Bi Mkubwa.

"Pili," akasema Bi Mdogo, "kile kitambaa nimekifunga mimi."

Askari wa kike aliinuka, na kiti cha waya kikaanguka chenyewe. Mkuu alimuuliza Bi Mdogo kama anaelewa anachokisema. Akasema anaelewa, yeye si mlevi, na kama angetaka kusema uongo angetunga mzuri zaidi. Ndipo akaeleza. Mkiani mwa foleni alikuja mwanamume mmoja kijana, suruali imepigwa pasi, jasho linamtiririka, akasema mama yake mzazi amelazwa ng'ambo na yeye hana kitambaa cha kufungia mzigo. Watu wakamhurumia lakini hakuna aliyekuwa na kitambaa cheupe. Bi Mdogo akageukia ukuta, akachana shimizi yake, akamfungia kwa mikono yake mwenyewe. Kisha akalipitisha begi kwa mama wa mabeseni.

"Shimizi gani?" akauliza mkuu, na hapohapo akaonekana kujutia swali.

"Hii hapa," akasema Bi Mdogo, na mkono ukashuka kwenye pindo la gauni.

Wanaume wote ofisini waligeukia ukuta kwa kasi ambayo hawakuwahi kuionyesha kwenye gwaride. Askari wa kike alipiga magoti na kile kitambaa mkononi. Kilikuwa na ukingo wa lazi ya maua madogomadogo. Akakiweka kwenye mchano wa shimizi, na ua lililokatika katikati likakutana na nusu yake.

"Ndiyo hii, afande," akasema. "Imetoka hapahapa."

Bi Mkubwa hakuhitaji kuambiwa. Lazi ile aliijua kama anavyoujua uso wake. Marehemu alinunua shimizi mbili siku moja, za lazi moja, kwa kuogopa kelele, na ya kwake yeye ilikuwa kwenye lile kabati, imekunjwa, hajawahi kuivaa kwa sababu mwenzake anayo. Sasa huyu mwanamke amesimama mbele ya askari, mapaja nje, anautoa ushahidi wa kumfunga yeye mwenyewe. Foleni nzima ilikuwa imenyamaza. Angenyamaza na yeye, angerudi kwake na mifagio yake, na hakuna mtu duniani ambaye angemfuata.

Kitu kikampanda Bi Mkubwa kifuani, na kilipotoka hakikuwa asante.

"Wewe mwanamke una wazimu?" akafoka. "Afande, msimsikilize huyu. Ni mwongo, kaanza zamani. Mimi ndiye mliyenikuta na begi, niandikeni mimi, yeye mwacheni aende zake."

"Mwongo mimi?" Bi Mdogo akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni tangu matanga. "Mimi niliyekufichia siri mumeo asijue nani aliyeunguza koti lake? Leo mimi mwongo?"

"Nenda nyumbani!"

"Siendi! Huna haki ya kunifukuza kwenye ofisi ya serikali. Hili si kabati."

Mkuu wa kituo, ambaye asubuhi alikuwa hana hata mshukiwa mmoja, sasa alikuwa na wawili wanaogombea kiti cha kushtakiwa, kila mmoja akimwambia mwenzake aondoke. Aligonga meza. Hakuna aliyemsikia. Miwani alisimama kando akiwasikiliza kama mtu anayeangalia mpira. Mwishowe Bi Mkubwa akaishiwa pumzi, akakaa, akauliza kwa sauti ndogo ya mtu asiyetaka kusikika, "Umekuja kufanya nini hasa?"

Bi Mdogo alishusha gauni lake, akalinyoosha.

"Wakufunge, halafu mimi nigombane na nani?" akasema. "Nianze kumzoea mtu mwingine kwa umri huu?"

Bi Mkubwa alijifanya sufi imemwingia machoni. Kwa bahati, ilikuwapo ya kutosha chumbani, hakuna aliyemshuku.

Kelele zao zilikuwa zimetoka dirishani, na pale kivulini hakuna aliyekuwa kiziwi. Kwanza ulionekana mlangoni mkono wenye ganda la karanga, kisha mwenyewe muuza karanga, uso umemsinyaa, akasema macho yamepata nafuu na sasa anakumbuka: begi alilipokea kwa fundi baiskeli. Fundi baiskeli akasema kweli, na yeye alilipokea kwa mama wa mabeseni. Mama wa mabeseni akaingia polepole, tumbo likitangulia, akapewa kiti kizima, akasema yeye alilipokea kwa Bi Mdogo na alimwona akilifunga kitambaa. Nyuma yao walikuja wengine ambao hata hawakuligusa, lakini waliona aibu kubaki nje. Ofisi ikajaa. Mkuu akauliza kama wanataka awakamate wote. Fundi baiskeli akasema wao hawataki, ila kama kosa ni kulishika, basi hesabu inaanzia kwao.

"Na mimi nimelishika, afande," akasema Miwani taratibu. "Na alama za vidole vyangu zimo mpaka ndani."

Mkuu wa kituo akaketi. Akawatazama watu wale mmoja mmoja, viti vyake viwili, na simu yake. Ndani ya simu hiyo mkurugenzi alikwisha kumpongeza kwa kumnasa kinara. Kinara mwenyewe alikuwa akichomoa njiti ya ufagio kwenye nywele. Ingekuwa rahisi kwake kuwafukuza na kungoja gari. Wapo ambao wangefanya hivyo na kulala fofofo. Aliliwaza jambo hilo, ilionekana usoni, kisha akapuliza sufi kutoka kwenye masharubu na kumuuliza Bi Mdogo huyo mwanamume yuko wapi.

Hapo ndipo udaku wa Bi Mdogo, ambao Bi Mkubwa aliulaani miaka yote ya ndoa, ulipopata kazi. Adabu ilisema mwenye kitambaa haulizwi. Bi Mdogo alikuwa amemuuliza kila kitu: mama anaumwa nini, yuko wodi gani, kama ana mke, na suruali nani anampigia pasi. Mwanamume alijibu kwa kigugumizi, lakini jambo moja alilisema bila kusita, kwamba begi atalingoja pale kwenye nguzo ya geti kama desturi.

Miwani akalivuta begi. Vifurushi vikabaki mezani, badala yake akajaza makaratasi ya ofisi, akafunga zipu. Askari wa kike akakifunga kitambaa mpinini. Fundi baiskeli, ambaye sura yake haikufanana na serikali hata kidogo, akalibeba mpaka kwenye nguzo, akaliweka, akarudi akipiga mluzi. Miwani alivua shati la sare na kwenda kusimama karibu akichagua maembe asiyokuwa na nia ya kuyanunua.

Yule mwanamume alikuwa bado yupo. Ng'ambo ya geti hakuona zaidi ya sufi ikipaa juu ya ukuta, na hakuna mtu anayeogopa sufi. Pengine alitamani kuondoka na akamwogopa zaidi aliyemtuma. Alikuja akitazama kushoto na kulia, akaushika mpini, na Miwani akamshika mkono. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Si langu."

Walipomleta ofisini, watu wa foleni waliguna kwa hasira. Muuza karanga alikuwa na maneno tayari. Lakini Bi Mkubwa alipomsikia akirudia kwamba si lake, katumwa tu, kapewa asubuhi na mtu wa ndani ya gari ambaye hata hakushusha kioo chote, aliinua uso kumtazama. Yeye mwenyewe alikuwa ameyasema maneno hayo saa chache nyuma, kwenye chumba hikihiki. Tofauti ni kwamba huyu alijua anachokibeba, na alikitumia kitambaa cha wagonjwa kukivusha. Hilo hakulisamehe. Ila mtu yule alipoulizwa na Bi Mdogo kama kweli ana mama mgonjwa, alilia.

Akatoa namba ya aliyemtuma. Mkuu akapiga. Simu ikaita mara moja, ikazimwa, na haikuwaka tena. Wote walijua hapo ndipo safari ilipoishia. Gari litakuja, mpiga picha atapiga picha ya suruali iliyopigwa pasi, na mwenye kioo cha gari ataitazama gazetini kesho akinywa chai. Bi Mkubwa alimwambia askari wa kike, kama haidhuru, yule mtu asikalishwe kwenye kiti cha waya. Askari akamtazama, kisha akavibadilisha viti.

Mkuu wa kituo alinyanyua simu ya makao makuu mara mbili akairudisha. Mara ya tatu alipiga. Waliokuwapo walimsikia akisema, "Nilikosea, mkubwa. Kosa ni langu, si la yule mama." Sauti ya upande wa pili ilisikika mpaka mlangoni, na hakuna neno lililoeleweka isipokuwa jina la ile sehemu ambako redio haishiki. Alipoikata alikuwa amelowa jasho. Bi Mkubwa alimwendea, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwombea apate wajukuu wenye adabu. Mkuu akaangalia pembeni. Akasema mito italipwa, na kwa jinsi alivyosema, ilionekana italipwa kutoka mfukoni kwake.

Bi Mkubwa alitoka nje akashukuru kila kilichokuwa mbele yake. Alimshukuru Miwani kwa kuuliza swali ambalo hakutumwa kuliuliza. Alimshukuru mama wa mabeseni kwa kutembea na tumbo lile. Alimshukuru muuza karanga, ingawa huyo alimshukuru kwa kumfinya sikio kwanza. Alimshukuru hata mbwa aliyekuwa amelala uani, pua imevimba: kati ya wote waliokuwa kazini siku ile, yeye alifanya kazi yake na hakumsingizia mtu.

Foleni ilikuwa imeitunza nafasi yake. Mahali pa mzigo wake pameachwa wazi, na wa nyuma hawakusogea. Watu walikuwa wakiokota sufi uani kwa mikono, kwa mabeseni, kwa kofia, wakiijaza tena kwenye foronya zilizochanwa. Sindano na uzi vilikuwamo kwenye kikapu chake. Akaketi chini ukutani na kuanza kushona.

Lakini lilibaki deni moja la shukrani, na hilo lilikuwa limekaa pembeni yake, limetandaza miguu, limechukua sindano bila kuomba. Bi Mkubwa alitafuta neno. Asante ilikuwapo, aliihisi kabisa, imesimama kooni kama mzigo ambao mwenyewe kasinzia. Angemwambia mwenzake kwamba asubuhi alifurahi kumwona mkiani? Angemwambia nini mtu aliyeichana nguo yake kwa ajili ya mgeni na kisha akaionyesha kwa ajili yake?

Akatazama mto uliokuwa mapajani kwa Bi Mdogo. Bi Mdogo hakuwahi kujua kushona. Mshono ulikuwa ukitangatanga kama kuku aliyekatwa kichwa, pengine mrefu wa kupitisha kidole, pengine umerudi ulikotoka, na sufi ikichungulia kila penye nafasi. Kwa miaka yote ya ndoa yao Bi Mkubwa alikuwa akiifumua kila kazi ya sindano iliyopita mikononi mwa huyu mwanamke, mbele ya macho yake, uzi kwa uzi. Vidole vikamwasha. Akavikunja.

"Unaonaje?" akauliza Bi Mdogo, akiunyanyua mto juu. Aliuliza yeye kwa yeye, hakumtafuta wa katikati.

"Mzuri," akasema Bi Mkubwa. "Umeshona vizuri sana, mke mwenzangu."

Bi Mdogo akatabasamu, akachukua mto mwingine. Kutwa nzima Bi Mkubwa alikuwa amesema kweli kwamba begi si lake, mbele ya sare na mihuri, na haikumsaidia kitu. Huu uongo mmoja uliaminiwa papo hapo.